Chokaa, jua na miiba ya tafi

Mamangu aliacha kula samaki kimyakimya. Mwanzo alisema tumbo halimpi raha. Baadaye akasema samaki wa siku hizi wamelala mno kwenye barafu. Mwishowe hakusema kitu, akawa anajipakulia wali na mchuzi mtupu, na kipande chake anamsogezea mjukuu. Huyu ni mtu aliyezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka baharini, aliyenifundisha kumla tafi mpaka ukabaki uti wa mgongo peke yake, mweupe kama kitana. Nami nilimwamini, miezi minne mizima.

Ikatokea siku moja panka la chumba cha kulia likafa, joto halikaliki, tukahamishia chakula uani, mkekani. Mama akala tafi wawili. Wa tatu akawa anamtazama. Nikamuuliza, tumbo leo linasemaje? Akamaliza kulamba vidole kwanza, kisha akanijibu, "Kule ndani miiba siioni, mwanangu. Siku moja ilinikwama kooni, nikaogopa. Sikutaka kuwatia wasiwasi."

Sikupata la kujibu. Nilikusanya vyombo nikavipeleka jikoni, na nilipopita katika chumba cha kulia nilisimama kidogo. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, jua la Oktoba liko utosini, na mle ndani taa ilikuwa inawaka. Taa ile tulikuwa tunaiwasha tangu saa nne asubuhi, kila siku, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona hilo kuwa ni jambo la kushangaza.

Daktari wa macho alikuwa ameshatuambia kuwa Mama ana mtoto wa jicho, bado mchanga, na kwamba upasuaji unaweza kungoja. Lakini hata bila ya mtoto wa jicho, mtu akifika miaka 60 mwanga unaofika ndani ya jicho lake huwa ni kama thuluthi moja tu ya ule unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Mboni haipanuki tena kama zamani, na lenzi huanza kuingia umanjano. Mama ana miaka 71. Chumba ambacho mimi nilikiona kina kiza kidogo, yeye alikuwa anakila chakula chake ndani yake kama mtu aliyeshushwa kwenye ngama ya jahazi.

Mimi ni mwalimu. Shule zilikuwa zinakaribia kufungwa, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, na zamu yangu ya kupokea mchango wa chama ilikuwa imefika: shilingi 40,000. Nilikuwa nimezipangia friji. Nikaamua friji ingoje, na kwamba Ramadhani ikiingia Mama atafuturu katika chumba anachoona kilichomo sahanini mwake.

Nyumba yetu ni ya mawe, ya babu mzaa mama, na chumba cha kulia kiko katikati yake. Kina urefu wa mita tano na nusu, lakini upana wake ni mita mbili na nusu na ushee. Zamani nilidhani babu aliishiwa na pesa au na uwanja. Kumbe vyumba vya nyumba za kale za pwani karibu vyote ni vyembamba namna hiyo, kutoka Lamu mpaka huku kwetu, kwa sababu ya boriti. Dari la mawe na chokaa ni zito mno, na mti wa mkoko unaoweza kulibeba bila kupinda hauzidi sana mita mbili na nusu, tatu ukibahatika. Wakataji wa mikoko Lamu wana majina yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Basi boriti ndiyo iliyokuwa inampangia mtu upana wa chumba chake. Ukitaka nafasi, unaongeza urefu. Matokeo yake ni vyumba kama mapito, na mwanga unaingia kwa mlango wa upande mmoja tu.

Kwetu unaingia kwa dirisha moja, linalotazama uani.

Nilikaa kitini jioni moja nikajaribu kukitazama chumba kama mgeni. Nusu ya chini ya kuta ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta, kahawia iliyokolea, kazi ya mjomba miaka ya tisini, alipochoka na madoa ya unyevu. Chini ya rangi alikuwa ametia plasta ya simiti. Juu kulikuwa na silingi bodi, ya rangi ya maziwa iliyogeuka ya chai. Dirisha nusu yake ilizibwa na kabati la vyombo, kubwa, la mvule, ambalo baba alilinunua mwaka waliooana. Nusu iliyobaki ilikuwa na wavu wa mbu ambao haukuwahi kuoshwa tangu ulipopigiliwa misumari, na mbele ya wavu pazia zito la rangi ya zambarau. Nje ya dirisha, mita mbili tu, ukuta wa ua ulikuwa mweusi wa kuvu pale maji ya paa yanapotiririka.

Yaani hata jua lenyewe lingetaka kutuingilia lingekata tamaa njiani. Na kila kitu kilichoziba kilikuwa kimewekwa na mtu anayetupenda: mjomba aliogopa unyevu, baba alitaka vyombo vya mkewe vikae kwa heshima, mimi ndiye niliyeshona pazia.

Tena miaka miwili nyuma nilikuwa nimeshajaribu kukitengeneza. Duka moja la vifaa vya ujenzi lilinishauri rangi ya kuzuia unyevu, ya bei, 9,000 zikaondoka. Nikapaka juu ya ile kahawia, krimu nzuri, nikafurahi. Masika moja tu ikapita. Rangi ikaanza kututumka kama ngozi iliyoungua, ukiibonyeza inalia kama karatasi, kisha ikawa inabanduka vipande vipande na kuanguka juu ya meza. Nyuma ya kila kipande kulikuwa na unga mweupe, laini, kama manyoya ya kifaranga. Mama alikuwa anafagia unga ule kila asubuhi bila kunilaumu. Mwishowe nikarudisha kahawia palepale, ndiyo maana nilikuwa na hofu safari hii.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata brashi nilimtafuta fundi mwashi mmoja mzee, wa Lamu, ambaye amezitibu kuta za Mji wa Kale miaka mingi kuliko umri wangu. Aliingia, akakataa kiti, akaenda moja kwa moja ukutani. Akaukwaruza kwa ufunguo, akachukua ule unga mweupe kwa ncha ya kidole, akaonja.

"Chumvi," akasema. "Huu ukuta mmeuziba pua."

Nikamwambia, "Ami, lakini tumeupaka rangi ya kuzuia maji."

"Ndiyo. Mmeyazuia yasitoke."

Akanieleza akiwa amechuchumaa, kiganja chake kimelazwa ukutani muda wote kama mtu anayempima mtoto homa. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, unene wake karibu nusu mita, zimeunganishwa kwa chokaa na mchanga. Tumbawe lina vitundu, linanyonya maji ya ardhini kama tambi ya taa inavyonyonya mafuta. Ukuta wa chokaa unayaachia yale maji: yanapanda kidogo, yanafika usoni, upepo unayachukua. Ukitia simiti na rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi yakitafuta mwanya, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma mpaka ibanduke. Hata Ngomeni, yaani Fort Jesus, mawe ambayo Wareno walianza kuyapanga mwaka 1593, ni matumbawe hayohayo na chokaa hiyohiyo.

Nilimpatia kazi ya siku tatu tu, kwa 1,800 kwa siku, kwa sababu mfuko wangu uliishia hapo: siku moja ya kunifundisha kubomoa, mbili za kupiga plasta. Mengine yote niliyafanya mwenyewe, na mwanangu wa miaka kumi na minne, na kakangu siku za Jumapili.

Hapa niseme jambo kwa wenzangu wanaoishi Mji wa Kale. Mtaa huu ni eneo la hifadhi chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ukitaka kugusa uso wa nje wa nyumba, dirisha la njiani, mlango au roshani, anzia kwao ofisini. Mimi sikutoka nje ya chumba na ua wangu, wala sikutoboa ukuta wowote. Lakini nasikitika kila ninapopita mahali mtu amelibandua dirisha la babu zake akatia la alumini, na ushauri wa kitaalamu uko mwendo wa dakika kumi.

Kubomoa kulichukua wiki moja na nusu. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake lina madhara, hasa kwa watoto, kwa hiyo hatukuikwangua kavu hata siku moja. Tulikuwa tunailowesha kwa chupa ya kunyunyizia, tunaikwangua na patasi pana, tunaikusanya ikiwa tope katika mifuko. Barakoa, miwani, glavu, na nguo za kazini hazikuingia ndani kwa Mama. Plasta ya simiti nayo haikutaka nguvu nilizotarajia. Ami fundi alinionyesha kuigonga kwa nyundo ndogo ukisikiliza: panapolia kitupu, simiti imeshaachana na ukuta, ingiza patasi pembeni uisukume, itatoka bamba zima. Panapolia kizito, pole pole, kwa maana simiti ni ngumu kuliko tumbawe, na ukipiga kwa pupa jiwe ndilo litakalovunjika.

Siku ya nne tulilisogeza lile kabati. Watu watano, na Mama amesimama mlangoni akituhimiza kwa Bismillah. Nyuma yake ukuta ulikuwa tofauti, una umbo la mstatili lililozibwa kwa mawe madogo na simiti. Nikagonga, likalia kitupu. Nikamwita Mama.

Akaliangalia kwa muda, akasogea, akalipapasa. "Hiki ni kidaka," akasema. "Kilikuwa na sahani ya bibi, ya maua ya buluu. Mjomba wako alikiziba mwaka kabati lilipokuja."

Vilikuwa vidaka viwili, vishimo vya ukutani vya kuwekea vyombo. Kuvifungua ilituchukua alasiri nzima, na ndani yake chokaa ya zamani ilikuwa bado imelala laini, ya rangi ya ganda la yai, ukingo wake umechongwa kipindo kidogo ambacho sijui ni mkono wa nani ulikichonga. Katika nyumba kubwa za kale, chumba cha ndani ambacho hakipati dirisha kilijazwa vidaka ukuta mzima, na ndani yake vikapangwa vyombo vya kaure vya Uchina na vioo. Nilikuwa najua hayo kama mapambo ya wenye nacho. Sikuwahi kufikiri kwamba chokaa nyeupe, kaure inayong'aa na kioo, mahali pasipo na dirisha, vyote vinaurudisha chumbani ule mwanga mdogo ulioponyoka kuingia.

Kabati lilivuka feri kwenda Likoni kwa dadangu, juu ya mkokoteni, na Mama hakulilia. Nilikuwa nimejiandaa alilie.

Silingi bodi tuliishusha Jumapili moja. Ilikuwa chipbodi ya kawaida, nami nilihakikisha hivyo kwanza, kwa sababu ingekuwa shiti za asbesto nisingeigusa kabisa. Ilishuka na popo mmoja mkavu, vumbi la miaka thelathini na gazeti lisilosomeka. Juu yake zikatokea boriti, zote kumi na saba, nyeusi, zimenyooka. Fundi alizipiga moja moja kwa kisu kutafuta mchwa, akasema mikoko hii ilikatwa na mtu aliyejua mwezi. Chumba kikapata sentimita thelathini za kwenda juu kwa bei ya jasho tu.

Kisha tukangoja. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Ukuta uliofungiwa maji kwa miaka thelathini haukauki kwa siku mbili, na Ami alikataa kugusa mwiko mpaka wiki tatu zipite. Dirisha wazi, mlango wazi, panka jipya linazunguka usiku na mchana, na sisi tunakula uani. Kila asubuhi chumvi ilikuwa imechomoza upya, nami naipiga brashi kavu na kuizoa. Nilikuwa na wasiwasi na siku. Lakini kaskazi ilikuwa imeshaanza kuvuma, na kufikia wiki ya mwisho ya Desemba chumvi ikawa inatoka vitone tu.

Plasta tuliyopiga ni chokaa na mchanga basi, kipimo kimoja kwa vitatu, mchanga uliochekechwa na kuoshwa. Chokaa ya mifuko niliiloweka kwenye pipa siku nne kabla, ikawa laini kama siagi. Tukapiga nyembamba, tukaitundikia magunia yaliyoloweshwa ili isikauke upesi. Chokaa haigandi kwa kukauka tu. Inavuta kabonidioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, na kazi hiyo inahitaji unyevu na subira. Upepo wa kaskazi ukiikausha kwa saa chache, itapasuka.

Kupaka ndiko nilikokuwa nakungojea, na mara ya kwanza nilikosea. Nilikoroga chokaa nzito kama uji, nikapaka adhuhuri juu ya ukuta mkavu, mkono mmoja mnene ili nimalize mapema. Jioni ilikuwa nyeupe pee. Asubuhi nilipitisha kiganja kikatoka cheupe kama nimeshika unga wa ngano. Nikaifuta yote.

Mara ya pili nilifuata nilivyoambiwa. Unaulowesha ukuta kwanza kwa brashi ya maji mpaka uache kunywa. Chokaa unaizimua iwe nyepesi kama maziwa, unaichuja kwa kitambaa, unaikoroga kila dakika kwa sababu inatuama. Unapaka jioni, au asubuhi kabla upepo haujaamka. Na ukipaka, huoni kitu. Hili ndilo linalowatisha watu. Ukuta unabaki na rangi ya maji ya mchele, madoa yote yanaonekana, unahisi umepoteza siku. Nilikaa kwenye ngazi usiku ule na tochi ya simu nikitazama pembe moja karibu na dirisha. Kwanza ncha za juu za mawe zikaanza kupauka. Kisha weupe ukashuka taratibu kuelekea chini, unakutana na mwenzake kutoka upande wa kidaka, na katikati pamebaki kisiwa cha kijivu kinachozidi kupungua. Saa sita usiku kisiwa kilikuwa kama kiganja. Nikaenda kulala. Asubuhi hakikuwepo.

Mikono mitano, siku baada ya siku. Miwani sikuivua hata mara moja, kwa maana chokaa huunguza, na ikiingia jichoni ni maji mengi mfululizo, robo saa na zaidi, kisha hospitali, bila kusubiri uone itakuwaje. Mwanangu nilimkataza kabisa kupaka juu ya usawa wa kichwa chake.

Rangi nyeupe hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoiangukia, na kahawia iliyokolea kama ile ya kwetu hurudisha kiasi cha sehemu moja kwa kumi. Nilidhani basi kuta zikishakuwa nyeupe kazi imekwisha. Chumba kilipendeza, lakini hakikuwa kimeamka. Niliketi mahali pa Mama, nikatazama dirishani, nikaona kitu ambacho Mama hukiona kila akila: ukuta mweusi wa ua.

Ua wetu ni mdogo na kuta zake ni ndefu. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na miezi mingine huegemea kaskazini au kusini. Dirishani kwetu jua lenyewe haliingii karibu mwaka mzima. Kinachoingia ni mwanga uliogonga ukuta wa mbele ukarudi. Na ukuta wa mbele ulikuwa unaumeza wote.

Niliusugua kuvu kwa brashi ya waya siku mbili. Kakangu alirekebisha bomba la paa lililokuwa linautiririkia, ambalo ndilo chanzo chake. Kisha chokaa iliyobaki kwenye pipa, mikono minne. Haikunigharimu hata shilingi ya ziada, na naapa hakuna kitu nilichokifanya ndani ya chumba kilicholeta tofauti kama ukuta ule wa nje. Saa nne asubuhi iliyofuata nilikuwa jikoni nikasikia Mama ananiita. Alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kulia, mkono kwenye swichi. "Nani ameacha taa?" Taa ilikuwa imezimwa.

Wavu wa mbu nilioufungua dirishani ulipooshwa ulitoa maji ya rangi ya kahawa. Nikatia mpya, wa kufungua kwa ndoana, ili uoshwe kila mwezi. Fundi seremala alinyoosha mbao za dirisha zilizokuwa hazifunguki mpaka mwisho. Pazia nililipata Biashara Street, pamba nyepesi nyeupe, mita nne, nikashona mwenyewe. Nililining'iniza lianzie nje ya kingo za dirisha, ili likisukumwa pembeni lisizibe hata kidole.

Umeme sikuugusa. Nilimwita fundi mwenye leseni, na nakuomba nawe ufanye hivyo hata kama shemeji yako anajua kuunga waya. Kuta zenye chumvi na unyevu na waya za zamani si mahali pa kujifunzia. Aliondoa ile taa moja ya katikati, akatia taa mbili za ukutani na moja inayoning'inia juu ya meza, chini kiasi cha kumulika sahani na isiingie machoni. Balbu nilizisoma kwenye boksi kabla ya kulipa. Sisi wa Mombasa tumezoea zile nyeupe kali zenye kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ambazo zinafanya chakula kionekane kama kiko zahanati. Juu ya meza nilitia ya 4,000, nyeupe isiyo kali, na ukutani 2,700, ya joto, kwa ajili ya kukaa na mazungumzo baada ya tarawehe.

Kwa wanaotaka hesabu, nilizitumia hivi. Ami fundi 5,400. Mifuko sita ya chokaa 4,200 na mchanga 1,500. Fundi umeme na vifaa vyake 6,500, balbu 1,400. Seremala 4,000. Brashi, ndoo, patasi na wavu 2,300. Miwani, glavu na barakoa 1,700. Kitambaa 1,600. Mkokoteni wa kuzoa kifusi 2,000. Mafuta ya kupaka mlango na meza 1,900. Viti sita kutandikwa upya 6,000. Jumla 38,500. Panka jipya kakangu alilinunua, akakataa nilitie kwenye hesabu. Msasa wa meza niliupiga mwenyewe, na chini ya weusi wa miaka mvule ukatoka na rangi ya asali mbichi.

Sahani ya bibi ilipatikana. Ilikuwa kwa dadangu, ndani ya kabati lilelile lililovuka feri, imefungwa kwenye leso kuukuu. Ina ufa mwembamba. Imerudi kidakani, na jirani yake ni kioo kidogo kinachotazama dirishani.

Futari ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja. Mbaazi za nazi, mahamri, viazi karai, kaimati, uji wa pilipili manga. Na kwa zile 1,500 zilizobaki nilikuwa nimekwenda sokoni alfajiri nikachagua tafi, wanene, macho yanang'aa, nikawakaanga kwa ndimu na pilipili. Mama alifungua kwa tende, akaenda kuswali, akarudi akaketi mahali pake. Nilimwekea tafi mmoja sahanini na sikumtazama, nikajifanya nashughulika na chai.

Alimfungua mgongoni kwa kidole gumba, kama alivyonifundisha. Akatoa mwiba, akauweka ukingoni mwa sahani. Akatoa mwingine. Ikawa safu, midogo, mmoja mmoja, mpaka mwanangu akaacha kula akawa anaihesabu.

Kisha akainua uso akatazama ukutani, juu ya kidaka cha pili, pale boriti inapoingia. Akatazama kwa muda.

"Pale," akasema, akanyoosha kidole chenye mafuta ya samaki, "pale hukufika na brashi."

Nikageuka. Ilikuwa alama ndogo kama ukucha, na nilikuwa nimepita hapo mara tano.